Siku Niliyompeleka Baba Mbele

Kila nikifungua kikopo cha dawa ya kuchua, ile yenye kafuri inayowasha macho kabla haijagusa ngozi, narudi Doha nipende nisipende. Siku hizi nakifungua mara mbili kwa wiki, maana magoti ya Baba yamegoma. Anakaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, anapandisha suruali polepole, na mimi nakaa kwenye kigoda mbele yake nianze kazi. Majirani wanasema ni uzee. Uzee umechangia, sikatai, ila magoti yale yalianza kuharibika nikiyaangalia kwa macho yangu, juu ya nyasi za kumwagiliwa katika nchi ya mchanga, kwenye mchezo ambao tangu turudi nyumbani sijakutana na mtu hata mmoja anayeujua.

Sisi ambao wazazi wetu walitafuta maisha Uarabuni tuna utoto wa aina yake. Wenzetu wakikumbuka mapera na mito, sisi tunakumbuka mlio wa kiyoyozi. Mama alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya binafsi, na kwa kibali chake ndipo mimi na Baba tukapata kuishi naye. Tulikaa mtaa wa Abu Hamour, katika nyumba kubwa iliyojengwa kwa ajili ya familia moja ya Kiarabu, kisha ikakatwakatwa kwa kuta za jasi mpaka ikatosha familia saba. Chumba chetu kilikuwa nusu ya sebule ya zamani. Nusu nyingine ilikuwa ya Anko Otieno, Mkenya aliyeendesha basi dogo la hoteli, na ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya Mama alimjibu "afya" bila kuacha kupika. Ile taa kubwa ya vioo iliyoning'inia darini ilibaki upande wake. Sisi tulipata nusu ya maua ya plasta yaliyoizunguka, na Mama alipenda kusema kwamba nusu yetu ndiyo ilikuwa imechanua.

Baba alikuwa mlinzi wa geti katika shule moja ya kimataifa. Jina lake ni Marwa, na ni mrefu. Nikisema mrefu simaanishi mrefu wa kusifiwa harusini. Mlango wa chumba chetu aliupita kwa kuinama, na alipousahau mara ya tatu Mama alifunga taulo kwenye kizingiti ili paji la uso lipumzike. Kazi yake ilikuwa kuinua kile chuma cha geti. Gari linakuja, anabonyeza, chuma kinapanda, anasogea pembeni, anasema "good morning", gari linapita. Mara moja shule yangu ilipofungwa kwa ajili ya dhoruba ya vumbi nilikwenda naye kazini, nikakaa kwenye kibanda chake asubuhi nzima. Sikuona kioo cha gari hata kimoja kikishushwa. Baba wala hakuonekana kujali. Alisimama mikono nyuma, akingoja gari linalofuata, na mimi nikaweka moyoni kwamba baba yangu ni mtu wa kuwafungulia wengine wapite.

Huko Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Asubuhi tulikwenda kanisani, kanisa lisilo na msalaba kwa nje, tukasali bega kwa bega na Wafilipino na Wahindi. Tukishakula mchana, Anko Otieno alitupakia kwenye basi lake tukaenda uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa wa ile shule ya Baba, na Waaustralia wa mjini waliukodi kila Ijumaa kuchezea mchezo wao wa kwao. Baba aliingia humo kwa bahati. Siku moja mpira ulipigwa ukaruka uzio kuelekea getini, na yeye, bila kutoa mguu alipokuwa amesimama, akanyoosha mkono mmoja akaudaka kama anayechuma papai. Mwalimu mmoja wa hesabu pale shuleni, mfupi, mwekundu wa uso, jina lake Greg, aliona. Wiki iliyofuata akaja getini na jozi ya viatu vya kuchezea, vikubwa kuliko vyote alivyovipata mjini, na bado vilimbana.

Niueleze mchezo kidogo, usije ukaniacha njiani. Mpira wao ni wa ngozi nyekundu, una umbo la yai. Kila upande wa uwanja zinasimama nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Ukiupiga ukapita kati ya zile ndefu ni goli, pointi sita. Ukipita pembeni unapewa pointi moja ya kukupa pole. Hakuna kipa wala kuotea, na mchezo una robo nne. Kuanza, refa anaurusha mpira juu katikati ya uwanja na mtu mrefu mmoja kutoka kila timu anaruka kuugombea. Haudaki. Anaupiga kwa kiganja umwangukie mwenzake mwenye mbio, naye ndiye anayekimbia nao kuupeleka mbele wanakosubiri wafungaji. Mrefu wetu alikuwa Baba. Mwenye mbio alikuwa Mwalimu Greg.

Kabla mpira haujarushwa, Greg alimwonyesha Baba kwa vidole mahali pa kuupeleka. Wenyewe huugeuza uwanja kuwa saa ya ukutani: mbele yako ni kumi na mbili, nyuma yako sita, na vidole viwili maana yake kulia mbele, pale namba mbili inapokaa. Siku ya kwanza ya mazoezi Greg akaonyesha viwili. Baba akaruka, akaupeleka mpira kushoto nyuma. Timu nzima imekimbilia huku, mpira umeenda kule. Wakarudia, ikawa vilevile. Baba hakuwa amekosea kitu. Kwake saa mbili ni saa mbili, watu wamekwisha kunywa chai ya asubuhi, na mshale mfupi uko pale kwenye nane, kama alivyofundishwa tangu shule ya msingi.

Kocha alitaka kumrekebisha. Greg akamwambia aache. Alieleza kwamba wapinzani wao wote wameizoea saa ya kwao. Wakichungulia vidole wataona viwili, watakimbilia kwenye mbili, na mpira utakuwa umeshakwenda zake upande wa pili. Basi msimu mzima ule wanaume wa Kiaustralia, watu wazima wenye familia, walihesabu saa kama bibi yangu wa Tarime. Greg alijifunza hata kutamka. "Saa kumi, Marwa!" alipiga kelele, na ile "kumi" yake ilimfanya Mama acheke mpaka ashike mbavu.

Tulikuwa tunashinda. Imebaki mechi moja ya kuamua bingwa, mfungaji wetu mkuu, fundi mmoja wa ndege, akateguka bega. Hapo ndipo likazuka swali, na sikuwahi kusikia swali likigawa watu vile: je, Marwa atolewe katikati, akacheze mbele? Kocha alikuwa anaelekea huko. Ndiye mrefu kuliko wote, alisema, tumpigie mipira ya juu aidake, afunge. Greg hakutaka hata kusikia. Ukimwondoa pale kati, alisema, huko mbele mpira utafikaje?

Nyumbani swali lilitufuata mpaka kwenye sahani. Anko Otieno alikuja kula kwetu kila Ijumaa jioni, na hakuwa mtu wa kula kimya.

"Marwa, skiza. Wewe ni mrefu kama posti ya stima, halafu unakaa hapo kati kama kasisi! Enda mbele ufunge, bana. Watu hukumbuka mwenye kufunga. Nani hukumbuka mwenye aliguswa na mpira kwanza?"

"Aliyegusa," Mama akamsahihisha. "Mpira haumgusi, yeye ndiye anayeugusa."

"Shem, hiyo ni grammar. Mimi naongea soka."

"Na huo siyo soka," Baba akasema, akacheka kidogo. Kisha akaongeza jambo lililonichoma: "Mimi nacheza ninapowekwa."

Nililisikia jibu lile nikamwona amesimama getini, mikono nyuma. Ni lazima nieleze pia kwamba siku zangu za Doha zilikuwa zinahesabika. Mkataba wa Mama ulikuwa unaisha, na wiki moja tu baada ya mechi ile mimi naye tulikuwa tunarudi nyumbani. Baba alikuwa anabaki miaka miwili zaidi kwa mkataba wake mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimejua kwa uchungu kwamba sina kitu cha kusimulia kuhusu baba yangu. Nikifika Tarime watoto wataniuliza anafanya nini huko, nami nitasema anafungua geti. Nilitaka niseme: baba yangu alifunga goli fainali. Nilitaka niwe nimeliona kwa macho. Sijui kama nimewahi kutaka kitu tena kwa namna ile.

Kilichonisukuma kabisa ni maneno ya mtoto wa Greg. Aliitwa Ella, alikuwa rika langu, na daima alikuwa na krimu nyeupe ya jua juu ya pua. Tulikaa naye juu ya boksi la barafu wakati wa mazoezi, tukinyonya vipande vya barafu. Akaniuliza, macho yakiwa uwanjani: "Baba yako si ndiye yule anayewapa wote mpira?"

Nikasema ndiyo. Ila nilivyolisikia mimi swali lile, lilikuwa sawa na kuniuliza kama baba yangu ndiye yule mtumishi. Anayewapa wote. Anayefungua geti la uwanjani, akasogea pembeni, wenye mpira wakapita. Barafu iliniishia mdomoni nikashuka kwenye boksi, nikaenda moja kwa moja kwa kocha, mzee mmoja mwenye kofia pana, nikamvuta shati.

"Baba yangu anataka kucheza mbele," nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha shule ya Wahindi. "Anaona haya kusema."

Kocha aliinama mpaka kofia ikanifunika kivuli. "Amekwambia hivyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Kila siku anasema."

Mazoezi yalipokwisha kocha akawakusanya wote. Sikutegemea kwamba angetaja jina langu, lakini wale watu hawana siri. "Marwa, binti yako anatuambia unatamani kucheza mbele. Kweli?" Wote wakageuka kumtazama Baba, na Baba akageuka kunitazama mimi. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalinipitia kama mtu anayesoma kitu chenye maandishi madogo. Kisha akamwambia kocha, "Ndiyo. Nitacheza mbele." Greg akainamisha kichwa, akaanza kufungua kamba za viatu.

Njiani nilingoja nigombezwe. Baba aliniuliza tu kama nimekula.

Ijumaa ya mechi hali ya hewa ilikuwa nzuri, kaubaridi kale ka mwisho kabla joto halijarudi kutawala. Nyasi zilikuwa zimemwagiliwa maji taka yao yaliyosafishwa, yale yenye harufu ambayo kila mtu Doha aliisikia na hakuna aliyeitaja, na juu yake ikaelea harufu ya dawa ya kuchua, maana wanaume wote walikuwa wanapakana magoti na mapaja. Mama alikuwa na zamu siku hiyo, akaomba ruhusa zahanati. Anko Otieno alikuja na vuvuzela aliyoipata kwa Wasauzi wa hotelini kwake, akaambiwa na watu wawili tofauti aiweke chini.

Katikati walimweka injinia mmoja, mrefu kiasi, mtu mwema. Walikuwa wamekubaliana naye kwamba sasa warudi kwenye saa ya kawaida, kwa sababu ile nyingine ilimchanganya. Kukubaliana ni rahisi, lakini mazoea yana taabu. Greg akaonyesha vidole vinne, injinia akaupeleka mpira kwenye nne ya kwao, barabara kabisa, na miguu ya wenzake wote, Greg mwenyewe akiwemo, ikakimbilia saa nne ya Kiswahili, upande wa pili kabisa. Mpira ukabaki na wapinzani. Nilikiona kitu kile kikitokea mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Walikuwa wanagongana wenyewe kwa wenyewe na kuombana radhi.

Na Baba? Baba alikuwa mbele, karibu na zile nguzo, peke yake na beki wake. Mpira haukuja. Alisogea kulia, akasogea kushoto, akarudi. Halafu kwa kuwa hakuna kilichokuja, akafanya kile ambacho mwili wake ulikizoea siku sita za wiki. Akapeleka mikono nyuma, akasimama wima, akatazama upande ambako kitu kingetokea.

Nilimtambua mara moja. Ni vilevile alivyosimama getini. Nilifikiri nimemtoa kule, kumbe ndiko nilikompeleka, mbele ya watu, siku ambayo alivaa jezi. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba Mama alinishika paji la uso kuangalia kama nina homa.

Katika robo ya tatu mpira ukamfikia mara moja tu. Ulikuja juu sana, wa kubahatisha, na Baba akaruka akaudaka juu ya vichwa vya mabeki wawili. Ukidaka hivyo wanakuachia upige bila kusumbuliwa. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akainua macho akanitafuta kwenye ule umati, akanipata. Kisha akakimbia, akapiga. Mpira ulizunguka vizuri, ukaanza kupinda, ukapita pembeni ya nguzo ndefu kwa upana wa kiganja. Pointi moja.

"Moja ni moja!" Anko Otieno akapiga kelele. "Si ni mwanzo?"

Baba alinitazama tena, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Ilipopigwa filimbi ya mapumziko ya mwisho tulikuwa tumeachwa mbali. Wachezaji walikaa chini wakinyonya machungwa. Baba alikaa pembeni kidogo, akijipaka dawa gotini, nikaenda nikasimama mbele yake.

"Baba."

"Naam."

"Nilimdanganya kocha."

"Najua, Bhoke. Mtu anayajua aliyoyasema na ambayo hakuyasema."

"Mbona hukukataa?"

Aliendelea kuchua. "Ningekataa pale, watu wote wangekuona mwongo. Halafu nikadhani, kama mtoto amefika mpaka kwa kocha, basi anataka sana."

"Nilitaka ufunge kabla sijaondoka." Machozi yakaanza, nikayafuta kwa mkono wenye chungwa, yakazidi. "Sasa nataka urudi katikati."

"Mimi siwezi kurudi. Nilishakubali mbele za watu." Alifunga kikopo. "Yale maneno ni yako. Nenda kayachukue."

Sikumbuki safari ndefu kuliko ile, na haikufika hatua ishirini. Wale wanaume walikuwa wakubwa, wamelowa jasho, wamechoka, na kocha alikuwa katikati ya kusema. Nilisimama mpaka kofia ikageuka. Nikasema: nilidanganya. Nikasema: yeye hakusema kitu, ni mimi. Nikasema: anapenda katikati.

Hakuna aliyecheka. Kocha alinitazama, akamtazama Baba, akavua kofia, akaivaa tena. Greg ndiye aliyeinuka kwanza. Aliinua mkono juu, akamwonyesha Baba vidole viwili. Na Baba, ambaye siku nzima sikuwa nimeyaona meno yake, akacheka.

Robo ile ya mwisho ndiyo mara yangu ya kwanza kutazama katikati ya uwanja. Msimu mzima macho yangu yalikuwa yanausubiri mpira kwenye nguzo, hayakuwahi kukaa pale unapoanzia. Refa anaingia na mpira mkononi. Kila mtu anasimama. Marubani, wahandisi, walimu, wenye magari ambayo vioo vyake havikushushwa, wote wamekunja magoti, wameshika pumzi, na hakuna hata mmoja anayejua aende wapi mpaka Baba aruke. Mkono wake ukapanda juu ya mikono yote. Ukagusa. Ndipo dunia ikaanza kukimbia.

"Umeona?" Ella akanisukuma kiwiko. Pua yake ilikuwa nyeupe vilevile. "Hakuna anayeenda popote mpaka baba yako aseme. Baba yangu anasema Marwa ndiye anayewapa wote mpira."

Aliyasema kwa kujivuna, kana kwamba Marwa ni wake. Nikaelewa kwamba hata lile swali la kwanza alikuwa ameliuliza kwa kujivuna hivyohivyo.

Saa mbili. Saa kumi. Saa mbili tena. Wapinzani walikimbilia huku, mpira ukaenda kule, na Greg akakimbia nao kama mtu aliyeachiwa kutoka kifungoni. Tukafunga, tukafunga, tukakaribia. Filimbi ya mwisho ililia tukiwa tumeachwa kwa pointi nne, yaani pungufu ya goli moja. Kombe likaenda kwao. Anko Otieno alikaa chini kwenye nyasi, vuvuzela mapajani. "Maze, robo moja tu ingine!" alirudia. "Robo moja tu!" Hakujua maneno yale yalikuwa yananichoma mimi.

Wiki iliyofuata mimi na Mama tukaondoka. Uwanja wa ndege Baba alinibeba, ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa, na kutoka kule juu niliona vichwa vya watu wote. Sikumwomba msamaha. Nilidhani kuna muda. Msimu mwingine ulipokaribia akatupigia simu, na katikati ya habari za mvua na ng'ombe wa babu akasema kwamba msimamizi mpya amemhamisha, sasa analinda karakana moja kule Industrial Area, na zamu yake inaangukia Ijumaa. Alisema kama mtu anayesema kumekucha. Mama akampa pole, wakaendelea na mambo ya mabati. Mimi niliingia chumbani nikajifunika shuka. Ile ilikuwa mechi yake ya mwisho, ilikuwa na robo nne, na mimi nilimnyang'anya tatu.

Nimekaa na hesabu hiyo mpaka nimekuwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Wiki iliyopita, goti la kushoto likiwa mkononi mwangu na kafuri ikinipa kisingizio cha machozi, nikamwambia.

"Baba, zile robo tatu nilizokunyima. Naomba unisamehe."

"Robo tatu zipi?"

"Unazijua."

Kuku wa jirani alipita barazani, tukamwacha apite.

"Pale katikati nilipapenda," akasema. "Wiki nzima nilikuwa nawangoja watu. Pale walikuwa wananingoja mimi. Nilipapenda sana, siwezi kukuficha." Akajinyoosha, kiti kikalia. "Lakini robo haziniumi. Uwanja mzima ule kulikuwa na mtu mmoja aliyetaka Marwa afunge goli. Nikampata umatini, nikamwona anavyoangalia. Nikapiga, nikakosa. Mpaka leo nikikumbuka hiyo, mwanangu, ndiyo inaniuma."

Niliendelea kuchua mpaka dawa ikakauka, nikachukua mfuniko wa kikopo. Ndipo nikamwonyesha vidole, vitano vya mkono mmoja na kimoja cha mwingine. Alivitazama, akanitazama, kidevu kikaanza kutetemeka kwa kicheko. Mtu mwingine, kwa saa ya Kizungu, angeupeleka nyuma. Nikaurusha mfuniko juu, na Baba, bila kuinuka kwenye kiti, akanyoosha ule mkono wake usio na mwisho, akaupiga kwa ncha za vidole. Ukaja moja kwa moja mbele, saa sita yetu, nilipokuwa nimekaa, nikaudaka kabla haujagusa sakafu.